Uzi: Kabla ya kubishana juu ya jarife na lema, tukubaliane nani anashika kalamu ya ontolojia ya pamoja

MshikaTanga

Assalaam aleikum wadau wa data, Lamu na Malindi.

Mjadala wa ontolojia ya pamoja ya data ya uvuvi (orodha rasmi ya aina za vitu, maana zake na mahusiano yake, inayosomeka na mashine) umekwama. Lamu wana orodha yao ya zana (kama jarife, aina ya wavu, na lema, aina ya mtego), vyombo na samaki, Malindi wana yao, na kwa kuwa kaunti ni mbili (Malindi iko Kilifi), hakuna upande wenye uwezo wa kumwamrisha mwenzake. Kila kikao kinaishia kwenye swali la istilahi ya nani iingie.

Msimamo wangu ni huu: tiketi nyingi (maombi ya mabadiliko) zilizokwama zina sura ya swali la maana, lakini ndani yake ni swali la madaraka. "Uzio (ua wa kunasia samaki) ni mtego au ni nyavu?" linajibika kwa nusu saa. Kinacholichelewesha ni hofu: nikikubali leo uzio uwe mtego, kesho mwenzangu atabadilisha nini bila kuniuliza, na ripoti zangu za miaka iliyopita zitasomwaje? Hofu hiyo haiondolewi na maelezo mazuri ya uzio. Inaondolewa na utaratibu.

Napendekeza tuanze na haya, na klasi (aina za vitu ndani ya ontolojia) zifuate baadaye.

Kiini kiwe kidogo: safari ya uvuvi, chombo, zana, mahali pa kushushia, mavuno, kipimo. Basi. Vingine vyote vikae kwenye nyongeza za kila upande, kila nyongeza na anwani zake za mtandao za kutambulisha istilahi. Istilahi ihamie kwenye kiini pale tu pande zote mbili zina data yake, na maelezo mamoja yamepitishwa juu ya safu halisi (rekodi moja moja) za fomu za pande zote. Safu 20 kutoka Lamu na 20 kutoka Malindi zinatosha kuonyesha kama maelezo yanashika au yanavuja.

Vitambulisho viwe namba tupu. Tukiandika "Jarife" ndani ya anwani yenyewe, siku tukirekebisha jina itabidi tuvunje anwani, na kila faili iliyoitumia inavunjika nayo. Namba haina jina la kugombewa.

Kisifutwe kitu. Klasi iliyopitwa na wakati inawekewa owl:deprecated (alama ya "isitumike tena" katika OWL, lugha ya kuandikia ontolojia), namba yake haitumiki tena milele, na inaelekezwa kwa mrithi wake. Hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Klasi mbili zikiunganishwa kuwa moja, unaweka "imerithiwa na", na programu inabadilisha data ya zamani yenyewe. Lakini klasi moja ikigawanywa kuwa mbili, usiweke mrithi hata mmoja, weka "fikiria hizi". Ukiweka mrithi mmoja, programu itahamisha safu zote za zamani upande huo na data itasema uongo. Tukigawanya nyavu za kutega na nyavu za kuelea, safu ya zamani iliyoandikwa "nyavu" haijui ni ipi kati ya hizo mbili, na lazima ibaki bila kujua.

Mwisho, kuunganisha mabadiliko ya kiini kunahitaji idhini mbili, moja kutoka kila kaunti, baada ya tiketi kukaa wazi siku 14. Anayepinga alete moja kati ya mawili: safu ya data inayovunjwa na pendekezo, au maelezo mbadala yaliyoandikwa kamili. "Sisi huku hatusemi hivyo" pekee isizuie kitu, maana jina si maelezo. W3C, shirika la viwango vya mtandao, wanaeleza makubaliano kwa njia inayotufaa: idadi ya kutosha wanaunga mkono, na hakuna pingamizi lililosimama. Hawataki kila mtu aseme ndiyo. Kwetu kimya cha siku 14 kihesabiwe kuwa ruhusa.

Karibuni.

---

BintiShela

Waaleikum salaam. Nakuunga mkono kwenye namba na kwenye kutofuta. Kwenye kiini kidogo nina wasiwasi, na kwenye kimya cha siku 14 napinga.

Kiini kidogo kina tabia ya kubaki kidogo. Chukua hali ya maji. Fomu nzuri ya pwani yetu inaandika kama safari ilikuwa wakati wa bamvua au maji mafu, maana anayevua kwa uzio au anayekwenda kwa miguu mwambani anafuata maji kabla ya kufuata saa. Ukilinganisha mavuno ya uzio bila kujua maji, unalinganisha vitu viwili visivyolingana. Lakini viwango vya kimataifa tunavyovitegemea havina klasi hiyo, na kwa kanuni yako itakaa kwenye nyongeza ya Lamu mpaka Malindi nao waanze kuiandika. Na Malindi hawataanza, kwa sababu haimo kwenye kiini. Huo ni mduara. Naomba uongezwe mlango wa pili: istilahi ambayo bila yake kipimo kilichomo kwenye kiini hakisomeki sawasawa iingie hata kama ni upande mmoja tu wenye data.

Kuhusu kimya, wanaojua uzio ni nini hawako kwenye Git, tunakotunzia faili na mabadiliko yake. Wako Kizingitini, Faza, Matondoni, Ngomeni. Tiketi ikikaa wazi siku 14 kwenye mahali wasipoingia, kimya chao hakina maana ya ruhusa. Tiketi inayogusa zana au jina la samaki iwe na sehemu ya kujaza: imesomwa kwenye vikundi vipi vya usimamizi wa fuo, tarehe gani, na nani hakukubali na kwa nini. Tupange vikao hivyo wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na watu wako nchi kavu. Ukiita kikao katikati ya kaskazi utapata wasiovua.

---

Maalim_wa_OWL

Wadau, mambo ya utaratibu nawaachia. Mimi nataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu inazalishwa na mashine, na tunaulaumu upande wa pili bure.

Kwanza faili. Protégé (programu ya kuhariri ontolojia) ya mtu mmoja inahifadhi RDF/XML (muundo mmoja wa faili), ya mwingine inapanga vipande kwa mpangilio tofauti, Windows ya wa tatu inabadilisha miisho ya mistari. Mtu amerekebisha lebo moja, Git inaonyesha mamia ya mistari imebadilika, na mwenzake anaona ameandikiwa upya faili nzima nyuma ya mgongo wake. Dawa ipo. Faili ya kuhariri iwe kwa sintaksi ya fankshino, ile yenye kauli moja kwa mstari mmoja, na kabla ya kuhifadhi kwenye Git kila mtu apitishe faili kwenye ROBOT (programu ya kuchakata faili za ontolojia) kwa amri ya convert, toleo lile lile la ROBOT kwa wote. RDF/XML na Turtle (muundo mwingine wa faili) zizalishwe wakati wa kutoa toleo tu. Hapo mabadiliko ya mstari mmoja yanaonekana mstari mmoja.

Pili namba. Wahariri wawili wakifanya kazi usiku mmoja kwenye matawi tofauti (nakala za kazi) ya Git, wote watachukua namba inayofuata, na namba moja itapewa vitu viwili. Git haitalalamika ikiwa mistari haikugusana. Gaweni vizuizi mapema: Lamu 0001000 hadi 0004999, Malindi 0005000 hadi 0008999, na chini ya 1000 iwe ya kiini. Kuna faili maalumu ya vizuizi ambayo Protégé inaisoma na kumpa kila mhariri namba ndani ya kizuizi chake. Namba isitafsiriwe kuwa "ya Lamu" au "ya Malindi" baada ya hapo. Ni kizuizi cha kazi tu.

Tatu rizona (programu inayotoa hitimisho kutokana na kauli za ontolojia), na hapa nataka nikae kidogo.

Tuseme mtu ameunda sifa inaJicho, kwa ajili ya upana wa jicho la wavu, na kwa nia njema kabisa akaiwekea domain iwe Nyavu. Mwenzake, anayeshughulikia malema, anajua lema la waya nalo lina macho, na upana wake ndio unaoamua samaki wadogo watoke au wabaki. Anaandika: kila Lema lina inaJicho. Katika OWL, domain haisemi "usiitumie kwingine". Inasema "chochote chenye sifa hii ni Nyavu". Kwa hiyo rizona inahitimisha kwamba Lema ni Nyavu. Ikiwa juu yake kuna kauli kwamba Mtego na Nyavu hazikutani, Lema linakuwa klasi isiyoweza kuwa na kitu, na Protégé inalipaka rangi nyekundu. Mwenye malema anaona klasi yake imeuawa, na historia ya Git inasema aliyegusa mwisho ni mhariri wa kaunti ya pili.

Hakuna aliyekosea kuhusu bahari. Domain ilikuwa nyembamba mno. Ihamishwe juu iwe Zana, au iondolewe kabisa. Kwa ontolojia ya pamoja, kila domain na range (aina ya kile ambacho sifa inaelekea) inayopendekezwa ipitiwe kwa swali moja: ni nani mwingine duniani ana sifa hii?

Na mtumie rizona moja. ELK, mojawapo, ni ya haraka, lakini inafanya kazi kwenye sehemu ya OWL iitwayo EL. Kauli za idadi kamili, kama "zana moja hasa", inazipita na kuacha onyo kwenye logi ambayo watu hawaifungui. HermiT, rizona nyingine, inazisoma. Basi mmoja anasema "kwangu imepita" na mwingine anasema "imevunjika", na wote wawili wanasema kweli. Kila usiku ELK, kabla ya toleo HermiT, na matokeo ya HermiT ndiyo yanayohesabiwa.

---

PwaniHuru

Maalim, kwa heshima zote, maelezo yako yenyewe ndiyo hoja yangu. Kwa nini tujitie kwenye domain na rizona? Tunachohitaji ni orodha ya istilahi yenye ngazi: pana, finyu, inayohusiana. Hiyo ni SKOS, pendekezo la W3C tangu 2009, na karani yeyote anaweza kuijaza kwenye lahajedwali. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wanaiweka AGROVOC, kamusi yao ya istilahi za kilimo, kwa SKOS. OWL itawafanya watu watano wawe wakubwa wa kiwango na wengine wote wawe wasomaji.

Na suala la ushirikiano linakuwa jepesi. Kwenye SKOS, mimi nikisema uzio uko chini ya mtego na wewe ukauweka pia chini ya zana za ufukweni, hakuna kitu kinachokufa. Pande mbili zinakaa bila kuchinjana. Zana zote zifungwe kwenye orodha ya zana ya FAO, ile ISSCFG, ambayo ina kodi tayari: GNS nyavu za kutega, GND za kuelea, FPO malema, FWR uzio, LHP mshipi, SB juya (wavu wa kukokota ufukweni), FCN kimia (wavu wa kurusha). Tumalize.

La pili ni leseni, maana naona halijatajwa. Iamuliwe kabla ya mchango wa kwanza kuingia. Ukishapokea michango ya watu kumi bila leseni, kuiweka baadaye kunahitaji ridhaa ya wote kumi, na mmoja asipopatikana umekwama. Mimi naomba CC0, leseni inayoachia kila haki. Istilahi zikiwa CC BY 4.0, inayodai chanzo kitajwe, anayechanganya orodha kumi na tano kwenye programu ya simu anapaswa kubeba majina ya wote kumi na tano kila mahali.

---

KaraniMayungu

Naomba niongee kwa upande wa fomu, kwa sababu mnajadili OWL na SKOS wakati tatizo linaingia kwenye karatasi.

Safu ya kawaida inasema: nyavu, inchi 3, watu 3, tafi kilo 14, pweza kilo 5, changu kilo 2. Haya, tafi ni nani? Kwa sehemu kubwa ni Siganus sutor. Karani hakuandika Siganus sutor, ameandika tafi. Upande mmoja wa orodha zenu umefunga tafi na Siganus sutor kwa skos:exactMatch (kiungo cha SKOS cha "sawa kabisa"). Upande wa pili umefunga tafi na kodi SPI ya FAO, ambayo ni jenasi yote ya Siganus, nao kwa exactMatch. Mkiziunganisha, exactMatch inapita kutoka kiungo hadi kiungo: sutor ni sawa na tafi, tafi ni sawa na SPI, kwa hiyo sutor ni sawa na jenasi nzima. Ndugu PwaniHuru, hiyo ni SKOS, na kitu kimekufa kimya kimya bila hata rangi nyekundu. Tumieni closeMatch ("karibu sawa") pale msipokuwa na hakika, maana hiyo haipiti. Na kwa tafi na sutor, broadMatch ("pana zaidi") au narrowMatch ("finyu zaidi") kulingana na upande unaotoka.

Kwa changu hali ni mbaya zaidi. Jina hilo linabeba aina nyingi za Lethrinus. Safu iliyoandikwa changu ibaki kwenye ngazi ya changu. Asitokee mchambuzi ofisini akaiteremsha kwenye spishi moja kwa sababu ripoti inataka spishi. Kiwango kiseme hivyo kwa maandishi: data inakaa kwenye ngazi iliyorekodiwa, haishushwi.

Halafu uzito. Hapa ndipo ugomvi wa kweli, na haujaguswa. Kilo 5 za pweza ni za pweza mzima au aliyekwisha tolewa matumbo? Pengine wanapima akishuka tu chomboni, pengine wanapima kwa mnunuzi akiwa amesafishwa. Papa naye anaweza kupimwa bila kichwa na mapezi. Pande zote mbili zina sifa inayoitwa uzito, kipimo chake ni kilo, na mashine itazijumlisha bila kusita. Jumla hiyo haina maana. Ziwe sifa mbili, uzito mzima na uzito uliosafishwa, chini ya sifa mama moja ya uzito ulioshushwa, na safu isiyojulikana ipande kwa mama. Kuzidisha kwa kigezo cha kubadilisha kusifanyike ndani ya ontolojia. Hicho ni kitendo cha mchambuzi, na lazima aandike alitumia kigezo gani.

Jina la mvuvi na namba ya simu visiwe na klasi kabisa kwenye kiini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019 na haina haja ya kusukumwa ili iumize. Chombo kipewe kitambulisho, mmiliki abaki kwenye daftari la ufuo.

---

MshikaTanga

Karani, ahsante. Hoja ya uzito naomba iwe tiketi ya kwanza kabisa ya kiini, kabla ya zana.

Bi BintiShela, mlango wa pili nimeukubali na nauandika hivi: "Istilahi ya upande mmoja huingia kwenye kiini endapo kipimo kilichomo kwenye kiini hakiwezi kulinganishwa bila yake, na mpendekezaji ataonyesha safu mbili zinazotofautiana kwa sababu hiyo tu." Hali ya maji inapita hapo moja kwa moja. Sehemu ya vikundi vya fuo nayo iingie kwenye fomu ya tiketi, na kwa tiketi za zana na samaki siku 14 zianze kuhesabiwa baada ya kikao cha ufuoni, si siku tiketi ilipofunguliwa. Kwa tiketi za faili, namba na mpangilio wa folda, kimya kibaki ruhusa. Tukiwasubiri wavuvi waidhinishe miisho ya mistari hatutafika.

---

Maalim_wa_OWL

PwaniHuru, tukutane katikati, lakini kwa sababu zinazoeleweka.

Majina ya samaki na ya zana, ndiyo, SKOS inatosha na naiunga mkono. Kiini hakitoshi. Neno "mavuno" kwenye fomu za pande mbili linabeba vitu viwili: tendo la kuvua na samaki walioletwa. Mmoja anahesabu mavuno mangapi kwa mwezi akimaanisha safari, mwingine mavuno mangapi akimaanisha kilo. SKOS itayakubali yote mawili chini ya lebo moja na haitasema neno. Kwa hiyo kiini kikae chini ya BFO (ontolojia ya msingi ya jumla), ambayo tangu 2021 ni ISO/IEC 21838-2. Safari iko upande wa matukio, samaki na chombo upande wa vitu, uzito upande wa sifa zinazobebwa na vitu. Klasi sita tu ndizo zinazofungwa hivyo. Karani haoni BFO, fomu haina BFO. Inamlinda mhariri asichanganye tendo na kitu.

Na kuhusu kukagua fomu, hapo OWL isitumike kabisa. Ukiandika "kila safari ina zana moja hasa" na safu ikaja na mshipi na wavu, rizona haitakuambia kuna kosa. Kwa kuwa OWL haidhani kwamba majina mawili ni vitu viwili, itahitimisha kwamba mshipi ule na wavu ule ni kitu kimoja, isipokuwa umetangaza kwamba ni tofauti. Na zana ikikosekana haitalalamika pia, itadhani ipo na haijatajwa. Safari yenye zana mbili ni jambo la kawaida baharini, kwa hiyo kauli yenyewe ni ya kuondoa. Ukaguzi wa safu ni kazi ya SHACL, lugha ya kukagua data na pendekezo la W3C tangu 2017: zana angalau moja, kilo zisiwe chini ya sifuri, jicho la wavu liwe na kizio chake. Kila kaunti iwe na faili yake ya SHACL kadiri fomu zao zilivyo. Hizo hazihitaji makubaliano ya pamoja, na ugomvi mwingi utahamia huko ambako hauumizi mtu.

Kodi za ISSCFG tuziweke kama viungo, zisiwe ndizo klasi zetu. Angalia ringineti, wavu wa kuzungushia. Katika orodha ile nyavu za kuzungushia zinagawanywa kwa jambo moja linaloonekana kwa macho: kamba ya kufungia chini ikiwepo ni PS, isipokuwepo ni LA. Jina la ufuoni halitakuambia hilo. Maelezo yetu yaseme kamba ipo au haipo, kisha kiungo kinajitokeza chenyewe.

---

BintiShela

Maalim umenifungulia njia ya tiketi ya juya, iliyochoma watu zaidi ya zote.

Kuna pendekezo la kuwa na klasi ZanaHaramu, na juya na bunduki ya kuvulia viwekwe chini yake. Nia ni njema, maana serikali ilipiga marufuku zana hizo mwaka 2001 na uharibifu wa juya kwenye majani ya bahari na samaki wachanga unajulikana. Lakini uharamu haumo ndani ya wavu. Uko kwenye sheria, mahali na tarehe. Mkiweka juya chini ya ZanaHaramu, kila safu ya juya iliyorekodiwa kabla ya 2001 inageuka kosa kwa kurudi nyuma, na tukifunga orodha yetu na ya nchi nyingine tunawahukumu wavuvi wao kwa sheria yetu. Na kinyume chake pia: mshipi ni halali Mayungu, ila ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Baharini ya Malindi (marine park), iliyotengwa mwaka 1968, hauruhusiwi, kwa sababu pale hakivuliwi kitu kabisa. Basi mshipi nao uwe chini ya ZanaHaramu?

Iwe kauli ya pembeni: zana hii, eneo hili, kuanzia tarehe hii, hadi tarehe hii, kwa tangazo hili. Zana inabaki zana. Sheria ikibadilika tunaongeza mstari, hatuhamishi klasi. Na kuna faida ya kiutu: karani ataandika juya pale alipoliona. Klasi ikiitwa haramu, ataandika "nyavu", na tutapoteza data tunayoihitaji zaidi kuliko nyingine yoyote.

Kuhusu majina: SKOS inaruhusu prefLabel (jina kuu) moja kwa kila lugha, na hapo ndipo Lamu na Malindi wanapovutana. Hakuna haja. Alama ya lugha inaruhusu kipande cha faragha baada ya x, herufi zisizozidi nane. Tuwe na sw kwa jina la kiwango, sw-x-kiamu na sw-x-malindi kwa majina ya pande zetu, kila moja prefLabel kamili kwa haki yake. Programu ya fomu inachagua alama kulingana na ufuo. Jina la sw lichaguliwe na wahariri wawili, wasipoafikiana ndani ya siku 14 lichukuliwe lile lililotangulia kuingia kwenye faili, na lisijadiliwe tena kabla ya toleo linalofuata.

Kwenye leseni nakataa CC0. Maarifa ya uzio, maji na majina yametoka kwa wavuvi. CC BY inamlazimisha mtumiaji aseme yametoka wapi. Mstari mmoja wa shukrani kwa ontolojia nzima si mzigo.

---

PwaniHuru

Juya nimekubali, tena kwa moyo wote. SKOS kwa majina na BFO kwa klasi sita nimekubali, kwa sharti kwamba klasi ya saba ipite kwenye mlango ule ule wa safu 20 kwa 20.

Leseni bado. Ndugu zangu, mstari mmoja ni mwepesi ukiwa na ontolojia moja. Lakini sikatai kwamba wavuvi watajwe. Majina ya vikundi vya fuo yaandikwe ndani ya faili kama chanzo cha kila maelezo, istilahi kwa istilahi, ambapo yanasafiri pamoja na istilahi yenyewe hata mtu akichukua moja tu. CC BY ya jumla haitafanya hivyo, maana anayechukua istilahi moja ataitaja ontolojia, hatataja Kizingitini.

---

BintiShela

Chanzo kwa kila istilahi nakichukua, na kiingie leo. Leseni bado nataka CC BY 4.0 juu yake. Kimoja hakizuii kingine.

---

KaraniMayungu

Swali la vitendo: anwani zetu zitasimama wapi? Zikiwa chini ya tovuti ya kaunti moja, siku jina la tovuti likikosa kulipiwa ontolojia yote inazima, na kaunti ya pili itasema imehujumiwa.

---

Maalim_wa_OWL

w3id.org. Ni huduma ya kuelekeza anwani tu. Faili ya kuelekeza inakaa kwenye ghala la Git la wazi, na kuibadilisha ni ombi la kuunganisha kama mengine. Tuandikishe watunzaji wanne, wawili kila kaunti, na majina ya akaunti zao yawemo kwenye faili ya maelezo tangu mwanzo, maana ombi la mtu asiyeorodheshwa linazua maswali. Anwani kuu ielekeze kwenye toleo la mwisho. Kila toleo liwe na anwani yake yenye tarehe, mwaka-mwezi-siku, isiyobadilika kamwe. Ripoti zinukuu yenye tarehe, programu za simu zisome kuu. Faili zenyewe zikihama seva, mstari mmoja tu unabadilika.

---

MshikaTanga

Nafungua tiketi nne usiku huu: uzito, hali ya maji, hadhi ya kisheria ya zana, na marekebisho ya exactMatch za tafi. Mpangilio wa faili na vizuizi vya namba naviweka kwenye tawi moja, Maalim apitie kisha aidhinishe kwa upande wa Lamu, Karani kwa Malindi.

Leseni iende kwa kura ya wahariri, na mpaka iamuliwe ghala lisipokee mchango wowote wa istilahi, hata lebo. Tiketi zijadiliwe tu.

Kwa tiketi ya uzito naomba safu hizi: Lamu mlete 20 zenye pweza na kamba mti, Malindi 20 zenye pweza na papa, kila safu ikiwa na mahali ilipopimwa na nani alishika mizani. Msizisafishe kabla ya kuzileta. Safu ambayo haijulikani kama samaki alikuwa mzima iachwe hivyo hivyo, maana tunataka kuona ngapi zinaangukia kwa sifa mama.

---

KaraniMayungu

Za Malindi zitakuwa mezani wiki hii, pamoja na picha ya fomu tupu ili muone sehemu ya uzito imeandikwaje juu yake. Lamu leteni fomu yenu tupu pia.